Alama na Dhamana: Lugha za Kuwekea Matini Alama na Suala la Uandishi wa Desturi za Wasuaheli

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya lugha za kuwekea matini alama katika kompyuta na kuihusisha na kitabu kimoja cha pwani ya Bagamoyo, Desturi za Wasuaheli (1903). Hoja yake kuu ni kwamba lebo inayowekwa katika matini ya kidijitali si pambo wala si jambo la kiufundi tu. Ni dai la kihistoria kuhusu nani alisema nini, na kila dai la namna hiyo linahitaji mdhamini. Makala inaonesha kwamba miswada ya pwani ilikuwa na utaratibu wake wa kuweka alama na kutaja mwenye kazi, kwamba uchapaji wa kikoloni uliuvuruga utaratibu huo, na kwamba lugha za alama zinaweza kusaidia kurekebisha hali hiyo iwapo zitatumiwa kwa uangalifu.

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayekitafuta kitabu cha Desturi za Wasuaheli katika katalogi za maktaba hukutana mara nyingi na jina la Carl Velten mahali pa mwandishi. Kitabu hicho kilichapishwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903, na mwaka huohuo tafsiri yake ya Kijerumani ikatolewa. Maudhui yake ni maisha ya watu wa pwani: uzazi, malezi, chuo cha Kurani, ngoma, ndoa, maradhi, mazishi na sheria. Velten alikuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani katika Afrika Mashariki kabla ya kuwa mwalimu wa Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, Berlin. Hata hivyo, Kiswahili kinachosomwa katika kurasa za kitabu hicho hakikutoka kinywani mwake. Mwaka 1981 tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipotolewa, jina lake dogo lilikitaja kitabu kuwa ni cha Mtoro bin Mwinyi Bakari na Waswahili wengine. Kwa miaka 78, jina hilo lilikuwa nyuma ya jina la mhariri.

Tatizo hilo ni la zamani, lakini kompyuta imelipa sura mpya. Msomaji wa kitabu cha karatasi anaweza kusoma dibaji, akapima ushahidi na kuamua mwenyewe. Kompyuta haisomi dibaji kwa namna hiyo. Inafuata kile kilichowekwa wazi katika alama. Jina likitiwa ndani ya lebo ya mwandishi, kila hifadhidata itakayolipokea faili hilo itarudia kwamba huyo ndiye mwandishi. Kwa sababu hiyo, historia ya lugha za alama haiwahusu wataalamu wa kompyuta peke yao. Inamhusu pia mwanahistoria wa pwani.

2.0 Matini na watu wake

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, takriban mwaka 1869. Jina la Dunda leo ni la kata katika Wilaya ya Bagamoyo. Alipata elimu ya Kiislamu, na katika enzi ya Wajerumani alifanya kazi ya kukusanya kodi. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika seminari aliyokuwapo Velten. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke Mjerumani, Bertha Hilske. Walipojaribu kusafiri kwenda Afrika Mashariki mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni iliwazuia. Mtoro alirudi Ujerumani, akafundisha Hamburg kwa muda, na akafariki Berlin mwaka 1927. Maisha hayo yameelezwa kwa kina na Ludger Wimmelbücker katika kitabu chake cha mwaka 2009.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Velten hakuwa na mtindo mmoja wa kuwataja Waswahili walioandika. Katika Safari za Wasuaheli, aliyoitoa mwaka 1901, kila safari ina jina la mwenyewe. Humo Selim bin Abakari anaeleza safari yake ya Urusi na Siberia, na Mtoro anaeleza safari yake ya Udoe na Uzigua. Miaka miwili baadaye, katika Desturi za Wasuaheli, maelezo ya watu yaliunganishwa kuwa maelezo ya jamii. Mabadiliko hayo yalikuwa ya mpangilio wa kitabu, lakini matokeo yake yalikuwa ya kihistoria. Msafiri mwenye jina aligeuka kuwa "Wasuaheli" wasio na majina.

3.0 Alama kabla ya kompyuta

Wazo la kuweka alama ndani ya maandishi si geni pwani. Miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu ilikuwa na taratibu zake. Matini ilifunguliwa kwa bismillahi. Vipande vya ubeti mara nyingi vilitenganishwa kwa nafasi au kwa pambo dogo, na wino mwekundu uliweza kutumika kubainisha maneno maalumu. Chini ya ukurasa, mnakili aliweza kuandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata ili karatasi zisichanganyike. Alama hizo zilikuwa na kazi ya kueleza muundo: hapa ubeti umekwisha, hapa ukurasa unaendelea.

Muhimu zaidi kwa makala hii ni utaratibu wa kutaja mwenye kazi. Katika tenzi nyingi mtunzi hujitaja katika beti za mwisho, pengine pamoja na nasaba yake na tarehe. Mnakili naye huongeza maneno yake mwishoni, akaeleza kwamba ameandika kwa mkono wake na kumwomba msomaji amsamehe makosa. Kwa hiyo, majukumu mawili yalitenganishwa ndani ya matini yenyewe: la aliyetunga na la aliyenakili. Hata kama jalada lingepotea, majina yangebaki kwa sababu yalikuwa sehemu ya kazi.

Uchapaji ulileta utaratibu mwingine. Katika viwanda vya chapa vya Ulaya na Marekani, mhariri aliandika kando ya muswada maagizo kwa mpangaji wa herufi: kichwa hiki kiwe cha herufi nene, neno hili liwe la mlazo, aya hii isogezwe ndani. Maagizo hayo ndiyo asili ya jina linalotumika hadi leo kwa lugha za alama. Hayakuchapwa, yalitekelezwa, kisha yakatoweka. Jina la mwandishi nalo likahamia kwenye ukurasa wa kichwa cha kitabu, mahali palipoamuliwa na mhariri na mchapishaji. Katika mpango huo, mtu wa Bagamoyo aliyeishi Berlin hakuwa na ubeti wa mwisho wa kujitajia.

4.0 Kutoka maagizo ya sura hadi maelezo ya muundo

Kompyuta za mwanzo zilirithi maagizo ya mpangaji wa herufi. Programu ya RUNOFF, iliyoandikwa na Jerome Saltzer katika chuo cha MIT mwaka 1964, ilipokea amri zilizochanganywa na maandishi, zikiielekeza mashine iruke mstari au iongeze nafasi. Amri za namna hiyo zilifaa kwa uchapaji, lakini hazikueleza maana. Neno lililoandikwa kwa herufi za mlazo laweza kuwa jina la kitabu, neno la kigeni au neno lililotiliwa mkazo. Jicho la mtu hutambua tofauti kutokana na muktadha. Mashine huona mlazo tu.

Mwaka 1967 William Tunnicliffe alitoa hoja mbele ya wachapaji nchini Kanada kwamba maudhui ya hati yatenganishwe na sura yake. Mwaka 1969 Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie wa kampuni ya IBM walibuni GML, lugha ambayo lebo zake zilieleza sehemu za hati badala ya kuamuru sura yake. Kichwa kiliitwa kichwa, na aya iliitwa aya. Uamuzi kuhusu ukubwa wa herufi uliachwa kwa hatua nyingine. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa SGML, iliyokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 8879, mwaka 1986.

Matawi mawili yalichipuka baadaye. La kwanza ni HTML, iliyobuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, na ambayo maelezo yake ya mwanzo yalisambazwa mwaka 1991. Lebo zake zilikuwa chache na nyepesi kujifunza, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuenea kwake. La pili ni XML, iliyopitishwa Februari 1998. XML haina orodha yake ya lebo. Inatoa kanuni za kutunga lebo, kisha kila jumuiya ya watumiaji hujitungia zinazoifaa. Sambamba na matawi hayo kulikuwa na TeX ya Donald Knuth, iliyoanza miaka ya 1970 kwa lengo la kupanga vizuri vitabu vya hisabati, na LaTeX ya Leslie Lamport iliyojengwa juu yake katika miaka ya 1980. Hizo bado hutumika kuandalia tasnifu.

Kwa wanafasihi na wanahistoria, hatua kubwa ilipigwa Novemba 1987, wataalamu walipokutana katika Chuo cha Vassar, Marekani, kuanzisha mradi unaojulikana kwa ufupisho wa TEI. Lengo lilikuwa kuandaa miongozo ya pamoja ya kuweka alama katika matini za kitaaluma. Miongozo hiyo ilitumia SGML kwanza, ikahamia XML mwaka 2002, na toleo lake la tano likatolewa mwaka 2007. TEI ina lebo za ubeti na mshororo, za maneno yaliyofutwa au kuongezwa, za sehemu zisizosomeka, na za majina ya watu na mahali. Kila faili huanza na kichwa kinachoeleza matini ilitoka wapi, nani anawajibika kwa nini, na mabadiliko gani yamefanywa. Kichwa hicho kinafanana kikazi na maneno ya mwisho ya mnakili wa pwani: aliyeshika kalamu anajitaja na kukubali dhamana.

5.0 Kiswahili ndani ya lebo

Kiswahili kiliingia katika historia hii kwa njia kadhaa. Njia ya kwanza ni utambulisho wa lugha. Toleo la nne la HTML, la mwaka 1997, liliruhusu sehemu yoyote ya ukurasa ielezwe ni ya lugha gani na inasomwa kuelekea upande upi. Msimbo wa Kiswahili ni "sw". Kiwango cha ISO 639-3, kilichotolewa mwaka 2007, kikatofautisha Kiswahili cha pwani, "swh", na Kiswahili cha Kongo, "swc". Aidha, tangu mwaka 2006 kanuni za misimbo zimewezesha kuongeza aina ya hati, hivi kwamba "sw-Arab" humaanisha Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu na "sw-Latn" Kiswahili cha hati za Kilatini. Kwa msimbo mfupi kama huo, muswada wa pwani hautambuliwi tena na mashine kuwa ni Kiarabu kwa sababu tu ya umbo la herufi zake.

Njia ya pili ni programu za ofisini. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hati zilizoandikwa kwa programu hiyo zilihifadhiwa kwa XML, kwa hiyo aliyeandika barua tu naye alikuwa akizalisha lebo bila kuziona. Muundo wa hati uliotokana na familia hiyo ya programu ulikubaliwa kuwa kiwango cha ISO mwaka 2006.

Njia ya tatu ni kongoo za kiisimu. Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, iliyojengwa chini ya uongozi wa Arvi Hurskainen, ina toleo la pili lenye takriban maneno milioni 25, ambayo yamewekewa alama zinazoonesha umbo la msingi la neno na kategoria yake ya kisarufi. Bila alama hizo, mtafiti wa kitenzi "pata" angelazimika kutafuta "alipata", "hakupata" na "wamepatana" kimojakimoja.

Changamoto kubwa zaidi imo katika hati za Kiarabu. Katika tahajia ya zamani, herufi ya "ba" iliweza kusimama mahali pa b, p na mb. "Fa" mahali pa f na v. Na irabu za i na e ziliandikwa kwa alama moja, kama zilivyoandikwa u na o. Kwa hiyo umbo moja laweza kusomwa "bata", "pata" au "mbata". Anayelihamisha neno hilo kwenye hati za Kilatini tayari amefasiri. Faili lisilo na lebo litaonesha neno moja tu, na msomaji atadhani kwamba muswada wenyewe ulisema hivyo. Faili lenye lebo linaweza kuhifadhi umbo la awali, usomaji uliochaguliwa, kiwango cha uhakika na jina la aliyechagua.

6.0 Nani aandikwe?

Misingi hiyo inaweza kupimwa kwa kuangalia namna Desturi za Wasuaheli inavyostahili kuwekewa alama. Jambo la kwanza ni tahajia. Jina kamili la kitabu lina maneno "Wasuaheli", "khabari" na "sheri'a", ambayo leo huandikwa Waswahili, habari na sheria. Usanifishaji wa Kiswahili uliosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ulikuwa bado miaka mingi mbele. Mtu akitafuta "Waswahili" katika faili lililobakiza tahajia ya awali pekee, hatalipata jina la kitabu chenyewe. Tahajia ikisahihishwa kimyakimya, ushahidi wa namna Kiswahili kilivyoandikwa mwaka 1903 hupotea. TEI huruhusu maumbo yote mawili yakae pamoja, moja likiitwa la awali na jingine lililosanifiwa. Hakuna sababu ya kuchagua kimoja na kukitupa kingine.

Jambo la pili ni jina la mtu. Katika kitabu cha mwaka 1901 jina liliandikwa Mtoro bin Mwenyi Bakari. Katika maandishi ya baadaye ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mashine isiyoelekezwa itahesabu watu wawili. Lebo ya jina yenye kitambulisho kimoja huunganisha maumbo hayo, na hivyo mwandishi wa safari ya Udoe hutambuliwa kuwa ndiye mtu yuleyule wa Desturi.

Jambo la tatu, na zito zaidi, ni uandishi wenyewe. Vipo vishawishi viwili. Cha kwanza ni kuendelea kunakili jina la Velten kama lilivyo katika katalogi. Kiwango cha Dublin Core, kilichoanza mwaka 1995 na kinachotumiwa na hazina nyingi za vyuo vikuu, kina kipengele cha mwenye kazi na kipengele cha mchangiaji. Mwandaaji wa rekodi mwenye haraka hujaza cha kwanza kwa jina lililo juu ya kitabu. Kishawishi cha pili ni kusahihisha dhuluma kwa kuandika hivi:

<mwandishi>Mtoro bin Mwinyi Bakari</mwandishi>

kisha kuishia hapo. Uamuzi huo una haki ndani yake, lakini nao unafuta watu. Allen hakuandika jina la Mtoro peke yake. Aliongeza "na Waswahili wengine". Wakimwacha Mtoro abebe kitabu chote, watafiti watakuwa wamerudia kosa lilelile la mwaka 1903 kwa jina tofauti. Vilevile, kumwondoa Velten kabisa kungeficha mkono uliochagua mada, ukapanga sura na kuamua lipi lichapwe. Msomaji wa leo anahitaji kujua kwamba mkono huo ulikuwapo, hasa anapokutana na maelezo ambayo utawala wa kikoloni ulikuwa na haja nayo, kama vile ya sheria.

Njia inayopendekezwa ni kugawa dhamana. Katika kichwa cha faili, Mtoro atajwe kuwa mwandishi mkuu, pamoja na ushahidi wa dai hilo. Waswahili wengine watajwe kwa pamoja pale majina yao yasipopatikana. Velten atajwe kuwa mkusanyaji na mhariri. Na aliyeweka alama ajitaje. Ndani ya matini, kila sura iwekewe sifa inayoeleza kiwango cha uhakika wa uandishi wake: kikubwa, cha wastani, kidogo au kisichojulikana. Utafiti mpya ukipatikana, sifa hiyo hubadilishwa na tarehe ya badiliko kuandikwa. Kwa namna hiyo lebo inabaki kuwa dai linaloweza kupingwa, si hukumu iliyofungwa.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba kazi hiyo ni ndefu na ya gharama, hali wingi wa vitabu vya kale vya Kiswahili bado unasubiri kupigwa picha tu. Ni kweli. Lakini kichwa cha faili ni kurasa chache, na ndicho kinachobeba dai la uandishi. Kinaweza kuandaliwa vizuri hata kabla sura moja haijawekewa alama. Ya pili ni kwamba lebo za TEI zimetokana na Kiingereza, na hivyo mtafiti wa Bagamoyo atakuwa anaieleza jamii yake kwa istilahi za wengine, kama ilivyokuwa Berlin. Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo XML yenyewe haimlazimishi mtu kutumia Kiingereza. Lebo za ubeti, kipande, kina na mizani zinaweza kuitwa kwa majina hayohayo. TEI nayo inaruhusu majina ya lebo yabadilishwe huku uhusiano wake na jina la awali ukihifadhiwa, ili mafaili yaendelee kubadilishana taarifa na mengine duniani. Kinachohitajika ni makubaliano ya istilahi miongoni mwa vyuo vinavyofundisha fasihi ya Kiswahili.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha kwamba lugha za alama zilianza kama maagizo ya sura, zikawa maelezo ya muundo, kisha zikawa chombo cha kurekodi uwajibikaji. Miswada ya pwani ilifahamu sehemu ya jambo hilo mapema, kwa kumtaja mtunzi na mnakili ndani ya matini. Uchapaji wa mwaka 1903 ulilihamishia jina mahali ambapo Mtoro bin Mwinyi Bakari hakuwa na usemi. Alama za kidijitali haziwezi kurudisha maneno ya watu ambao hawakuandikwa kabisa, wala haziwezi kuthibitisha lisilo na ushahidi. Zinachoweza kufanya ni kutenganisha aliyesema, aliyekusanya, aliyechapa na aliyeweka alama, na kumwonesha msomaji mpaka wa kila mmoja. Kwa hazina za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, hatua ya kuanzia ni kuzipitia upya rekodi za vitabu vya Kiswahili vya enzi ya ukoloni na kuhoji, kwa kila kimoja, kama jina lililo mahali pa mwandishi ni la aliyeandika au ni la aliyehariri.